Fungu la Kava la Titilia

Nina miaka sabini na minne. Nimedumu kuliko boti nne, mameneja saba, machifu wawili na vimbunga vyote vilivyopewa majina ya watu tangu nizaliwe. Nimedumu hata kuliko yule daktari wa mjini aliyeniambia kwamba nisipoacha kunywa mizizi ya kava sitafika sitini. Mimi nimefika na kupita. Yeye tulimzika mwaka uleule niliotimiza hiyo sitini, na kava nilikunywa msibani kwake. Kwa hiyo Meneja Roshni alipotafuta mtu wa kuandika habari za kustaafu kwa Titilia Nawai katika jarida letu la wafanyakazi, asingeweza kumpata mwingine zaidi yangu mimi Aporosa, nahodha wa boti ya wageni. Wengine wote hawakuwepo alipofika. Alisema ukurasa mmoja unatosha. Nikamwambia, "Mwanangu, ukurasa mmoja ni wa mtu aliyekaa mwaka mmoja." Akacheka, akaniongezea karatasi.

Titilia amestaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Agosti, baada ya kuitumikia hoteli yetu hapa Nukuvula kwa miaka thelathini na moja. Alianza udobi, akaja kuwa mtandika vitanda, kisha mwalimu wa ususi, na mwishoni, kwa miaka mingi, mkuu wa mapokezi ya ufukweni. Yaani kila mgeni aliyeshuka kwenye boti yangu, maji magotini na viatu mkononi, mtu wa kwanza kumwona mchangani alikuwa Titilia na mashada yake ya maua na ile sauti. Wageni waliisikia sauti kabla hawajakiona kisiwa vizuri. Mimi huzima mashine nikifika kwenye mlango wa mwamba unaozunguka kisiwa ili waisikie. Hilo ni wazo langu, si la meneja yeyote, liandikwe.

Nianze na siku aliyofika, maana nilimleta mimi. Alikuwa amekaa mbele ya boti, mwembamba kama kasia, na sanduku moja, na mapajani amepakata fungu la mizizi ya kava lililofungwa kwa gazeti na utepe mwekundu. Vijana wapya wa jikoni, ninyi mliozaliwa mjini, sikilizeni. Fungu lile ni la kuingilia. Huingii kijiji cha watu mikono mitupu. Unapeleka mizizi yako ukumbini, unaiweka mbele ya chifu, msemaji wake anaigusa, makofi yanapigwa, kava inatwangwa na kunywewa, na tangu hapo wewe ni mtu wa pale. Unaweza kuvua, kupanda magimbi, hata kuomba kiwanja. Kabla ya hapo wewe ni mpita njia tu, hata ukae miaka mingapi.

Nikamuuliza, "Dada, kwenu wapi?"

Akasema, "Nasaulevu."

Loo, niliachia usukani! Watu wa Nasaulevu na sisi wa hapa ni watani, mzimu mmoja ndio uliotuzaa, wao ukawatupa mashariki, sisi ukatuweka pazuri. Na mtani hasalimiwi kwa adabu. Anatukanwa. Kitu chake hakiombwi, kinanyakuliwa, naye akinuna amewaaibisha kwao.

"Nasaulevu!" nikamwambia. "Kumbe siku hizi mnapanda boti? Nilisikia mnasafiri kwa kushika mikia ya nguruwe."

Hakupepesa hata jicho. "Na mimi nilisikia ninyi mnajua kuendesha boti. Mbona tunakwenda upande kama kaa?"

Wageni waliokuwemo hawakuelewa neno, lakini walicheka. Hapo nikajua kisiwa kimepata mtu. Tulipofika nikamnyakua fungu lake mapajani, nikalipeleka kwenye banda la boti, na jua lilipotua mimi na wenzangu tulikuwa tumelitwanga na kulimaliza. Kava ya Nasaulevu si ya mchezo. Ulimi uliniganda hadi asubuhi. Yeye naye, kulipiza, alinivua kofia na shati langu jipya, akalivaa shati hilo udobini mpaka likachakaa. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na hakuna aliyekosea.

Kilichotokea ni kwamba fungu lile alikuwa amelichimba baba yake kwa mkono wake, na yule mzee akafariki kabla mwaka haujaisha. Watu wakamwambia Titilia anunue jingine sokoni apeleke kwa chifu, mambo yaishe. Akakataa. "Fungu langu lilikuwa moja," akasema. "Liko tumboni mwa Aporosa. Alitoe yeye." Wakanijia mimi: mzee, mrudishie mwenzio. Nikasema sirudishi. Ukimrudishia mtani ulichomnyang'anya ni sawa na kumwambia kwamba hamjuani, na mimi mtu huyu nilikuwa namjua sana. Basi ikabaki hivyo. Yeye halileti, mimi silirudishi. Wakatucheka wakachoka.

Kwa hiyo mama huyu, aliyepeleka maelfu ya wageni kwenye ukumbi wetu na mafungu yao, aliyewafundisha namna ya kukaa, namna ya kupiga makofi kwa viganja vilivyokunjwa, namna ya kupokea kifuu na kukimaliza kwa mkupuo mmoja bila kukunja uso, yeye mwenyewe kila Jumamosi alikaa mlangoni. Mgongo kwenye nguzo, miguu kwenye kizingiti. Wageni kutoka nchi ambazo mimi siwezi hata kuzitaja walikuwa wameingia, yeye bado.

Ulikuwa mzaha, mpaka mwaka huu. Mwaka huu haukuwa mzaha tena, kwa sababu nyumba ya mfanyakazi inarudi kwa hoteli siku anapostaafu. Huko kwao hana mtu; ndugu zake wamehamia mjini. Binti yake Asinate, mtoto wa marehemu dada yake aliyemlea kama wake, ni muuguzi mjini Suva, anakaa ghorofa ya tatu, na alishamwandalia chumba. Nilimkuta Titilia kwenye kamba za kuanikia mashuka, mwezi wa Juni, tukaongea.

"Kwa Asinate kuna kila kitu," akasema. "Na mtoto ananipenda. Lakini usiku kinachosikika ni friji. Nimezoea kulala nikisikia mawimbi yakipiga mwamba."

"Omba kiwanja kijijini, mtani."

"Nitaombaje kiwanja nami sijaingia?"

"Leta fungu."

"Lirudishe."

"Silirudishi."

"Basi nitazoea friji," akasema, akaendelea kuanika. Na mimi nikaondoka, maana jicho langu la kushoto huwa linatoa maji upepo ukivuma.

Msimlaumu chifu. Chifu wetu Ratu Peceli ni mtu mwema, lakini hawezi kumpa kiwanja mtu ambaye hajaomba, na hawezi kuombwa na mtu ambaye hajapokelewa. Angefanya hivyo kwa mmoja, kesho kila mwenye koti angekuja na vigingi kupima ufukwe wetu.

Sasa nieleze kazi yake, maana Meneja Roshni amenikumbusha kwamba hili ni jarida la wafanyakazi.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilianza mwaka ule kimbunga kilipochukua mchanga. Hakikuvunja mabanda mengi, hilo tungelivumilia. Kilichukua mchanga. Asubuhi tuliamka ufukwe wote ni mawe meusi, kama mtu amevua meno. Na boti imejaa wageni waliolipia mchanga mweupe! Meneja wa wakati ule, mrefu mmoja hivi, alijifungia ofisini. Mimi nikawaleta, ningefanya nini. Titilia akasimama juu ya mawe na mashada yake, akaimba, halafu akawaambia, "Karibuni. Mchanga umekwenda likizo. Ninyi mnakwenda likizo, kwa nini wenyewe usiende?"

Wageni wakacheka. Lakini kucheka hakujazi siku. Kesho yake akawachukua wote, wakubwa kwa wadogo, akawapeleka kijijini. Wanawake wetu wakawafundisha kuchemsha na kuanika majani ya mkadi na kusuka mikeka, vijana wakawaonyesha ngoma ya mikuki, wazee wakawakaribisha kava. Wakachimba tanuri la ardhini, wakapanga mawe, wakafukia nguruwe na magimbi, wakangoja. Mgeni mmoja mwanamke alikaa pale anangoja chakula kiive chini ya ardhi, akasema kwamba hajawahi kungoja kitu bila kukasirika tangu aolewe. Walipoondoka hakuna aliyeulizia mchanga. Na mchanga ulirudi wenyewe, mwezi baada ya mwezi, mpaka Krismasi ukawa umetimia. Lakini safari za kijijini hazikukoma tena. Paa la shule, tangi la maji, mashine ya kliniki, vyote vimetokana na Jumamosi zile. Wenye hoteli walipata tuzo, ipo pale mapokezi kwenye kioo. Jina la Titilia halipo kwenye tuzo. Liko kwenye tangi la maji, nimelipaka mimi kwa rangi ya boti.

Alikuwa na namna yake ya kupumzisha watu. Wapo wageni wanaofika hapa wamechoka hata kupumzika hawawezi. Wanalala kwenye jamvi dakika chache, wanainuka, wanatazama saa, wanauliza shughuli inayofuata ni ipi. Alikuja bwana mmoja mwenye karatasi aliyoandika mwenyewe: kuogelea, kula, kupumzika, utamaduni, kila kimoja na saa yake. Titilia akaisoma, akamwambia ni karatasi nzuri sana, akaikunja akaifanya kata ya kuwekea chungu. Kisha akampa rundo la majani makavu ya mkadi na ganda la kome la kulainishia, akamwambia, "Lainisha haya. Ukimaliza niite." Majani yale hayaishi, kila mtu hapa anajua. Yule bwana alilainisha asubuhi nzima, alilainisha mchana, siku ya tatu akawa anaimba. Alipoondoka alilia kama mtoto, akataka kuondoka na kome. Titilia akamnyima. Kome wa kazi hatolewi.

Halafu habari ya kofia. Kijijini kwetu kofia ni ya chifu peke yake. Wageni hawajui. Titilia hakutaka mgeni aaibishwe mbele za watu, basi akawa anawasimamisha kwenye ule mshelisheli ulio mwanzo wa kijiji, anawaambia mti huu unapenda sana kofia, na kila mtu anatundika yake kwenye tawi. Kurudi wanachukua. Siku moja mvua ilikuja ghafla, wakanyakua ovyo ovyo na kukimbilia boti, nikamvusha mwanamume mmoja mkubwa kama mlango, kipara, amevaa kofia ya mtoto yenye masikio ya paka. Hakuivua mpaka ng'ambo. Alisema imemkaa.

Na mimi je? Nina langu la kumshukuru, nalo nitaliandika kwa kifupi.

Mke wangu Vasiti alipofariki, miaka sita iliyopita, nilikaa kimya. Watu waliojaa nyumbani walishangaa, maana mimi kunyamaza si kawaida yangu. Wakaimba, wakasali, wakaniletea chakula, sikusema neno. Ndipo Titilia akaingia, amevaa koti langu la mvua na kofia yangu ya unahodha, amejichora masharubu kwa masizi. Akaenda moja kwa moja mpaka alipolazwa Vasiti, akakunja mikono, akamgombeza. "Vasiti! Kumbe ndiyo njia uliyoipata? Miaka yote hiyo unasikiliza hadithi za huyu mzee, nikakuambia njoo ulale kwangu, hukutaka. Sasa umepumzika, sisi umetuachia!" Watu wakainama kujizuia. Mimi nikaangua kicheko, na kicheko kikafungua mengine yote, nikalia mpaka usiku ukaingia. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na yeye aliifanya kama inavyotakiwa. Asingeifanya, sijui ningekuwa wapi. Tangu siku ile akawa ananiletea magimbi kila Jumapili na kuniambia ni mabaki waliyoyaacha nguruwe. Hayakuwa mabaki. Yalikuwa ya moto.

Sasa nifike Ijumaa yenyewe.

Tangu asubuhi moshi wa tanuri ulikuwa umetanda. Asinate alifika na boti yangu ya mchana kumchukua mama yake, amembebea fungu la kava alilolinunua mjini. Maana kama huingii bila fungu, huondoki bila fungu pia. Unaenda ukumbini, unaaga, msemaji akiligusa fungu lako umepewa njia. Titilia amewaagia wageni maelfu namna hiyo. Angeondokaje yeye bila kuaga? Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa, liko kwenye banda la boti, tayari kwa safari ya Jumamosi. Lilikuwa lilelile la miaka thelathini na moja. Nililiona nikageuza uso.

Ukumbi ulijaa. Wafanyakazi wote, kijiji kizima, wageni nyuma wamekaa kama alivyowafundisha. Chifu mbele kwenye mkeka wake, pembeni yake Mzee Kitione, msemaji, ambaye ana miaka themanini na anajifanya haoni. Meneja Roshni alisoma hotuba nzuri. Zawadi zikatolewa. Kisha Titilia, akiwa palepale mlangoni, mgongo kwenye nguzo, akalisukuma fungu lake mbele kwa mikono miwili, akasema. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Bwana wangu, nimekuja kuaga. Nimekula samaki wenu na kuoga mvua yenu. Nimewaletea watu wengi, wengine wasumbufu, hamkuwafukuza. Kama nilikosea kwa neno, hasa kwa maneno niliyomwambia Aporosa, sisamehewi na sitaki kusamehewa. Kwa mengine mnisamehe. Naomba njia."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kujifuta macho. Asinate alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Kitione akaanza kunyoosha mkono. Mkono wake ni wa polepole siku zote, lakini siku hiyo ulikuwa polepole kupita kiasi, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Na akiligusa tu, imekwisha. Ameondoka.

Mbele ya chifu hatusimami. Nikaenda kwa magoti, na goti langu moja ni bovu, lakini muulizeni yeyote, nilikwenda kama kijana. Nikapita katikati ya wanawake, nikapindua bakuli la maua, nikalinyakua fungu lile chini ya vidole vya Mzee Kitione.

Ukumbi ukalipuka.

"Aporosa!" akasema Mzee Kitione. "Hata leo?"

"Hata leo."

"Mwizi wewe!" Titilia akapiga kelele kutoka mlangoni. "Mara ya pili! Mwizi mzee, tumbo kama ngoma! Hulishibi tu fungu la watu?"

"La watu? Nani kasema la watu? Hili langu."

Wageni walidhani ni sehemu ya ngoma, wakaanza kupiga picha. Meneja Roshni alikuwa ameshika kichwa. Mimi nikageuka kwa magoti yangu, nikamwelekea chifu, nikalipakata lile fungu kama alivyolipakata yeye siku ile mbele ya boti, nikaliweka chini mbele yake. Nikatoa sauti yangu ya baharini, ile ya kuita wakati wa dhoruba.

"Bwana wangu," nikasema, "fungu hili ni langu. Nimelinyakua kwa mtani wangu mbele ya macho yenu wote, na hakuna sheria ya kulidai. Kitu changu nakiweka ninapotaka. Silirudishi kwake, na yeye hajaleta jingine. Naliweka hapa, kwa jina la Titilia, binti wa Eroni wa Nasaulevu. Amefika mlangoni penu. Anaomba kuingia."

Mzee Kitione alimtazama chifu. Chifu alitazama dari, akaitazama kwa muda, kisha nikaona mabega yake yanatikisika, na alipoteremsha uso alikuwa anauma midomo asicheke. Akatikisa kichwa kukubali.

Mzee Kitione akakohoa. "Na lile la kuaga liko wapi?"

"Halipo," nikasema.

"Mama, unalo jingine la kuaga?"

Titilia alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

"Basi leo hakuna anayeaga," akasema Mzee Kitione, na mkono wake ule wa polepole ukashuka kwenye fungu kwa haraka ambayo sijawahi kuiona. Akaligusa. Akataja jina la Eroni, akataja Nasaulevu, akataja boti na miaka na mvua, akasema amepokelewa. Makofi yakapigwa, yale mazito, mpaka nguzo zikaitika. Kisha akatazama mlangoni, yeye anayejifanya haoni, akasema, "Wewe mama, unangoja nini kizingitini? Upepo unaingia. Sogea."

Akasogea. Kwa magoti, mkeka mmoja baada ya mwingine, na mikeka ile mingi ameisuka yeye, mpaka katikati ya ukumbi ambako hajawahi kukaa. Alipopita karibu yangu aliniita jina moja ambalo Meneja Roshni amekataa lisiandikwe. Alikuwa analia. Na mimi jicho la kushoto lilikuwa linatoa maji, ingawa upepo haukuwepo. Kava ya fungu lile, niseme kweli, ilikuwa nyepesi. Ya mjini. Lakini kifuu cha kwanza baada ya chifu alipewa yeye, na alikimaliza kwa mkupuo mmoja.

Watu wengine wanasema sikupanga lolote, kwamba nilishikwa na ulafi tu kisha nikatafuta maneno. Waseme. Nilifikiri tangu Juni, kwenye usukani, kwenda na kurudi.

Kesho yake, Jumamosi, Asinate akaondoka peke yake. Hakukasirika, aliniambia, "Mjomba, ungefanya mapema ningeokoa nauli." Nilipowasha mashine, Titilia alikuwa mchangani. Hana kazi tena, halipwi tena, lakini amesimama na mashada, anawaimbia wageni waliokuwa wanaondoka. Nikafika kwenye mlango wa mwamba nikazima mashine. Wageni walidhani ni kwa ajili yao. Nami siku zote husikia wimbo ule nikiwa nawapeleka watu, lakini siku hiyo nilikaa nikausikiliza mpaka mwisho, maana nilijua nikirudi nitamkuta.

Nilimkuta kweli. Chifu amempa kiwanja pale kwenye mshelisheli wa kofia, na vijana wameanza kukata nguzo. Nyumba itakuwa tayari kabla ya Krismasi. Ila mtu hawezi kulala juu ya kiwanja. Kwa hiyo niliporudi jioni nilikuta godoro langu nje, viatu vyangu nje, na picha ya marehemu mke wangu ndani, imefutwa vumbi na kuwekewa maua. Titilia alikuwa dirishani kwangu.

"Mtani," nikamwambia, "hiyo ni nyumba yangu."

"Nyumba yako? Nani kasema yako?" akajibu. "Na sirudishi."

Nalala kwenye stoo ya mashine. Panapitisha upepo, na panasikika mwamba vizuri kuliko nyumbani.

Titilia, wenzako wa udobini, wa jikoni, wa mabanda na wa boti wanakushukuru. Umetufundisha kwamba mgeni anayefika amechoka ni kazi, na anayeondoka anaimba ni mshahara wa pili. Kijiji kinakushukuru kwa tangi na paa. Mimi nakushukuru kwa koti la mvua na masharubu ya masizi. Pumzika sasa, ulainishe majani yako bila haraka, ulale ukisikia mwamba, na Mungu akupe miaka mingi ya kunitukana. Wote tunakuombea siku njema, nyingi, katika kisiwa ambacho sasa ni chako.

Anayebisha lolote katika haya amuulize Mzee Kitione, aliyeligusa fungu kwa mkono wake. Amuulize Meneja Roshni, aliyekuwa ameshika kichwa. Amuulize Asinate kule ghorofani. Au amuulize Titilia mwenyewe, ingawa yeye atasema nimetia chumvi kwenye goti. Yuko nyumbani kwangu. Pigeni hodi tu, atawafungulia. Mimi ndiye nisiyeruhusiwa.

Aporosa, nahodha